Siku Kumi na Nane za Dobi Kunyamaza

Mtaani walimwita Redio, na hawakumwonea. Dobi yule alikuwa haishiwi maneno. Ukimsikia anakata kona na mkokoteni wake wa shuka za nyumba za wageni, utadhani amefuatana na watu watano: "Haya Karani, taratibu, changarawe hizo. Kushoto kidogo. Kidogo, nimesema, huendi kuposa! Sasa inua mguu, ngazi. Ewaa!" Anayeambiwa yote hayo ni farasi. Alipewa jina la Karani kwa sababu alizijua nyumba za wateja bila kuandikiwa, na akifika kwenye mlango wa mteja alisimama mwenyewe.

Lakini watu ni wepesi wa kusahau. Miaka mitano nyuma dobi huyohuyo alikuwa bubu wa kujitakia. Salamu yake ilikuwa kuinua kidevu, basi. Mkewe, aliyefua naye miaka thelathini, mke kwenye mabeseni na mume kwenye pasi, alizoea kusema ameolewa na kabati: kabati zuri, imara, lakini kabati. Kisha ghafla mdomo ukafunguka. Wako waliosema ni uzee, na wako waliosema kapewa dawa mahali. Hakuna aliyejiuliza mbona maneno yake mengi yalikuwa ya mawe, mashimo na ngazi.

Karani alikuwa haoni. Macho yalianza kuingia ukungu pole pole, na siku moja dobi alipolisogeza pipa la maji hatua mbili tu, farasi akaenda akaligonga kwa kifua. Dobi angeweza kusema siku ileile. Hakusema ng'o. Yeye ndiye aliyejitapa kwa kila mwenye nyumba ya wageni kwamba farasi wake anaiona sindano iliyoanguka kwenye majani, na mwenye shuka nyeupe hapendi kusikia zinabebwa na kipofu. Basi akaamua mdomo wake uwe macho ya farasi. Kila hatari akaipa neno lake, na kila neno akalirudia mpaka mnyama akalishika. Mwaka wa pili ulipofika, Karani alikuwa anapita kwenye vichochoro kama mwenye macho manne, na siri ikatulia.

Ndipo karatasi za safari zikatoka. Binti yao, muuguzi ng'ambo, alihangaika miaka miwili kuwaombea wazazi kibali, maana alijifungua mapacha na hana wa kumsaidia. Tiketi zilikuwa za wiki tatu mbele. Mke alianza kufunga mizigo siku hiyohiyo. Dobi naye alitaka kwenda, tusimsingizie. Picha za wajukuu alikuwa anazitembeza mfukoni mpaka pembe zimekunjamana. Ila kila akifikiria ndege, akili yake ilikwama bandani: huyu naye nimwache na nani?

"Baba, siku hizi hata farasi wanapanda ndege," binti alimwambia kwenye simu. "Ila kwanza anakaguliwa. Damu, kwato, macho..."

"Macho ya nini?"

"Ndiyo utaratibu wao, baba."

"Basi utaratibu wao mbaya," alisema dobi, akampa mkewe simu.

Basi ikabidi Karani auzwe. Mnunuzi wa kwanza alikuwa mbeba matofali, mtu wa maneno machache na fimbo ndefu. Alimkagua Karani meno, akampapasa miguu, akashika hatamu na kumzungusha uwanjani. Dobi alitembea nyuma yao akipiga domo lake la kila siku: jiwe hilo, kata kulia, simama. Mbeba matofali hakugundua kitu. Alisema ameridhika na atakuja kumchukua kesho asubuhi. Wakapeana mikono.

Dobi aliingia ndani akamkuta mkewe anakunja foronya. Mke hakuinua hata macho.

"Umemwambia kwamba haoni?"

Dobi akakaa chini. "Wewe ulijua?"

"Mume wangu, nafua na wewe miaka thelathini. Najua hata soksi yako ipi itatoboka kwanza. Farasi kipofu anayeishi nyuma ya jiko langu nisimjue?"

"Mbona hukusema?"

"Na wewe mbona hukusema?"

Asubuhi dobi aliamka mapema, akamfuata mbeba matofali nyumbani kwake na kumwambia ukweli. Mwenzake alimtazama juu mpaka chini. "Ungeniua, mzee. Mimi napita daraja la mbao na mzigo wa matofali, kimya kimya. Ungeniua na matofali yangu." Akafunga mlango. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mficha upofu naye haumbuliwi na mwingine ila mtaa. Kufikia saa sita kila mtu alishajua, na nyumba mbili za wageni zilituma watu kuuliza kama shuka zao zimewahi kuanguka.

Daktari wa mifugo aliitwa. Alimulika macho ya Karani kwa kurunzi ndogo, akamgonga kwato, akamsikiliza kifua.

"Sindano moja tu," alisema. "Hatasikia maumivu."

"Na nikimwacha hai?"

"Kipofu si mgonjwa, mzee. Ana meno, ana miguu, anakula. Tatizo lake si macho. Tatizo lake ni wewe. Umemfundisha kumsikiliza binadamu mmoja tu duniani."

Dobi alipandwa na hasira. "Yaani kumpenda limekuwa kosa?"

"Sijasema kosa. Nimesema tatizo. Ukiondoka wewe, yeye ndipo anapopofuka. Mpate mtu mwingine wa kumwongoza, au nipigie simu nije na sindano. Usimwache hivi hivi, huo ndio ukatili."

Binti alipoelezwa alileta akili ya kisasa: baba ajirekodi. Dobi akatembea peke yake njia nzima, kutoka bandani hadi nyumba ya wageni ya mwisho, akiiongelesha simu. Kesho yake mke akashika simu pembeni ya farasi. Lo! Mama mguu wake ni mfupi, na sauti ya simu haimsubiri mtu. Walipofika uwanja mtupu simu ikasema "inua mguu, ngazi." Karani akainua mguu kukanyaga ngazi isiyokuwepo, akautua kwa kishindo, mwili mzima ukamtetemeka. Walipofika kwenye ngazi ya kweli aligoma kabisa.

"Mmenidanganyia farasi wangu," dobi alilalamika.

"Sauti ni ya nani?" mke akauliza.

Aliyewatoa hapo hakuitwa, alikuja mwenyewe. Alikuwa mjane wa makamo anayeuza miche ya maua na matunda mitaa mitatu kutoka pale, mwanamke aliyekuwa akiongea na miche yake tangu asubuhi hadi jioni, kiasi kwamba watu wenye haraka walizunguka njia nyingine. Dobi mwenyewe alikuwa mmoja wa wazungukaji.

"Nasikia una farasi anayetaka kuongeleshwa," alisema mlangoni. "Mimi mdomo ninao, na udongo wangu naubeba kwa mgongo. Njia yangu ni moja tu kila siku, bustanini hadi sokoni, haina daraja wala milima. Mnasemaje?"

Siku zilikuwa zimebaki kumi na nane. Daktari akaweka sharti moja: dobi anyamaze kabisa. Farasi akimsikia hata anakohoa, atamngoja yeye na hatajifunza kwa mtu mwingine.

Siku ya kwanza dobi alivumilia hatua kumi. Ya kumi na moja akapiga kelele, "Jiwe hilo!" Karani akamwacha mjane na hatamu mkononi, akaja moja kwa moja kusukuma kifua cha bwana wake. Dobi akamkumbatia shingo, akafurahi kuliko ilivyostahili.

"Baba, ukimpenda nenda nyumbani," mjane alimwambia.

Hakuweza kukaa nyumbani. Siku ya pili alirudi, akasimama mbali upande usio na upepo, farasi asimnuse, vibanio viwili vya nguo amevibana kwa meno ili mdomo usimtoroke. Alijikaza kisabuni, kama ilivyompasa dobi. Na mateso yalikuwepo, maana mjane alikataa kutumia maneno yake. Badala ya "inua mguu" alisema "panda, mpenzi." Badala ya "changarawe" alisema "huku kuna karanga." Dobi alitaka kupiga yowe: mpenzi gani, karanga gani, unamharibu! Vibanio vikamzuia. Wiki ya kwanza farasi alichanganyikiwa, akachubuka goti kwenye ukingo wa bustani, akawa anasimama katikati ya njia na kugeuza masikio huku na huku, akitafuta. Dobi alijua anatafuta nini. Jioni ya siku ya goti hilo aliishika simu kumpigia daktari wa sindano, akaiweka, akaishika tena. Mkewe ndiye aliyemnyang'anya.

Humo ndani pia alikuwa haongei. Aliogopa kwamba akijiachia mezani, kesho ulimi utateleza njiani.

"Rudi basi hata kidogo," mkewe alimwomba usiku ule wakikunja nguo za safari. "Miaka mitano hii nilifurahi kusikia mtu humu. Hata kama ulikuwa unaongea na farasi, na mimi nilikuwa nasikia."

Dobi alimshika mkono. Alimshika muda mrefu.

Siku ya tisa Karani alipita kwenye changarawe bila kusita. Ya kumi na mbili akapanda ukingo aliochubukia. Ya kumi na tano alikwenda sokoni na kurudi, mkokoteni umejaa mifuko ya udongo, na mjane anamsimulia habari ya ndugu yake aliyekopa sufuria akairudisha imetoboka. Katikati ya sufuria hiyo alichomeka "panda, mpenzi" na farasi akapanda. Waliomwona dobi siku hiyo wanasema alikuwa amesimama kwenye kona, anacheka na kufuta macho, na hakuna aliyethubutu kumuuliza lipi ni lipi.

Asubuhi ya safari, gari likiwa limeshapakiwa mizigo, alipita bustanini kuaga. Mkewe alibaki garini. Mjane alikuwa amemtoa Karani nje, anamsugua mgongo. Alipomwona dobi akashusha sauti.

"Mwambie hata neno moja, baba. Leo ni kuaga. Ameshajifunza, halitamdhuru."

Dobi akatikisa kichwa. Alijua vizuri: farasi akilisikia neno lake mara moja, atalingoja siku zote.

Ila upepo haukuwekewa sharti na daktari. Ulizunguka ukampelekea Karani harufu ya pasi na sabuni. Farasi akainua kichwa, pua zikapanuka, akalia chini chini kama alivyozoea kufanya kila alfajiri mlango wa banda ulipofunguliwa. Kisha akaanza kuja. Hatua moja, mbili. Kati yao kulikuwa na mfereji wa kumwagilia, mpya, umechimbwa jana yake, kina chake mpaka magotini.

Dobi akafungua mdomo.

"Simama, mpenzi," mjane alisema, wala hakupaza sauti.

Karani akasimama. Mguu mmoja ulikuwa bado juu, akaurudisha nyuma taratibu. Akabaki ameelekeza uso kwa bwana wake, pua zinafanya kazi, sikio moja likiwa kwa mwanamke. Alingoja aambiwe la kufanya, na aliyengojewa hakuwa dobi. Mjane akasema, "Geuka sasa, twende kazini," naye akageuka.

Dobi alirudi garini, akaufunga mlango. Gari lilipokata kona mkewe akauliza.

"Amekujua?"

"Amenijua. Alikuwa anakuja kwangu."

"Halafu?"

"Akaambiwa asimame," alisema dobi. "Akasimama, mke wangu. Alimsikiliza." Akaanza kulia waziwazi, mtu mzima na koti lake la safari, dereva akijifanya anatazama barabara.