Mdudu Aliyetangulia Kupewa Jina

Jirani yangu Zedekiah Ochola ni mtu wa hofu. Simsengenyi, mwenyewe anakubali. Hapa Makongeni tumezoea kumwona amekwisha fika barabarani, kisha anarudi mbio kuujaribu mlango kama kweli aliufunga. Nyumba ni ya mkewe Truphena, karani wa reli, na wanaume wa mtaa humtania kwa hilo. Yeye kazi yake ni makumbusho, chumba cha wadudu. Mtu mzima mwenye ndevu, analipwa kufukuzana na vidudu kwa wavu.

Mwaka wa sabini na saba alitumwa msitu wa Kakamega, na huko akanasa kidudu kilichomkosesha usingizi. Kilikuwa cha wale warukao majanini na kufyonza utomvu, kidogo kama punje ya mchele, kijani, na mstari mwekundu mgongoni. Akakitia kwenye chupa ya sumu kama wengine. Mkubwa wake, Daktari Ngigi, alikikata tumbo akakichunguza viungo vya uzazi kwenye hadubini, maana vidudu hivyo kwa nje hufanana kama mapacha na siri yao iko huko ndani. Akalinganisha na michoro yote aliyokuwa nayo, akakuta hakuna aliyewahi kukieleza. Basi akaanza kuandika maelezo yake yachapishwe Ulaya, na kwa kuwa Zedekiah ndiye aliyekinasa, akamwambia achague jina.

Wakati huo Zedekiah na Truphena walikuwa wamekaa miaka bila mtoto, na mama yake Zedekiah alikuwa ametoka kufariki. Aliitwa Aloo. Kwao Wajaluo jina la marehemu hungoja mtoto alibebe. Zedekiah akaona mtoto ndiyo basi, na jina la mama litaoza kaburini. Akamtajia Daktari jina hilo. Likatiwa mkia wa Kilatini, karatasi zikaenda zake.

Mungu naye ana mambo yake. Hata mwaka haujaisha, Truphena akapata mimba.

Zedekiah alimkimbilia Daktari kumwomba jina libadilishwe. Daktari akamwonyesha jarida, tayari limechapwa, akamweleza kwamba jina la namna hiyo likishatoka halifutiki, hata yeye aliyelitoa hawezi. Alilisema kwa furaha, akidhani anampa mwenzake zawadi. Zedekiah akarudi nyumbani akanyamaza.

Akazaliwa msichana. Kila aliyeuliza jina aliambiwa wanangoja ubatizo. Kwetu Nyeri hakuna mjadala, binti wa kwanza ni jina la mama wa baba, na mimi nilimwambia hivyo kila nilipokwenda kumpakata mtoto. Sikujua kwamba namtia kidole kwenye kidonda.

Kisha mtoto akaanza kulia. Alilia mpaka akakataa ziwa. Truphena alimpeleka zahanati akapewa dawa, homa ikashuka, kilio kikabaki pale pale. Uso wa mtoto ulinywea nasi majirani tukaacha kuuliza habari zake, maana tuliogopa jibu. Ndipo shangazi yake Zedekiah, aitwaye Kezia, akapanda gari la moshi kutoka Kisumu. Alipomwangalia tu, akasema mtoto haumwi, anadai jina. Truphena ni mtu wa kanisa na alikunja uso, lakini mama aliyechoka habishani. Akamkabidhi.

Nilikuwa pale, nimepeleka uji. Kezia alimweka mtoto mapajani akaanza kuwaita marehemu wa ukoo mmoja mmoja, wakubwa kwanza, kwa heshima zao. Kila jina alingoja kidogo, maana litakalomnyamazisha mtoto ndilo lake, na mtoto akazidi kulia. Zedekiah alikuwa amesimama kando ya pazia, shati limemlowa. Mimi nilidhani anaomba mtoto apone. Baadaye aliniambia kwamba alikuwa akiomba mtoto anyamaze kabla zamu ya mama yake haijafika. Angepokea jina lolote, hata la yule bibi aliyesemwa kuwa mchawi.

Zamu ikafika. Kezia akaita, "Aloo."

Mtoto akanyamaza. Aliguna kidogo, akageuza uso kutafuta ziwa, na Truphena akamnyakua akilia yeye sasa. Nami nililia, kwa nini nifiche.

Zedekiah akaketi sakafuni. Akasema yote: msitu, chupa, jarida, jina lisilofutika. Alisema amelitia jina la mama yake juu ya kitu alichokiua kwa mkono wake mwenyewe, na sasa mwanawe amelichukua. Truphena akamkumbatia mtoto zaidi.

Kezia alifikiri. Akauliza huyo mdudu ni jike au dume. Dume, akajibu Zedekiah. Shangazi akatikisa kichwa kwa masikitiko, nikauma kanga nisicheke.

Kisha akauliza, "Ulipompa jina, alilia?"

Zedekiah akakawia. Maana Daktari Ngigi alikwisha mwambia kwamba vidudu vile huitana. Hutikisa mwili, mtetemo ukapita kwenye shina la mmea hadi kwa mwenzake, ila masikio yetu hayasikii.

"Hapana, Waya," akasema. Ndivyo wanavyomwita shangazi. "Hakulia."

"Basi jina ni la aliyelia."

Kezia akaomba uji. Mambo yakaishia hapo kwa sisi wengine, na Aloo leo yuko darasa la tano, mtukutu, anaruka kamba mlangoni kwangu tangu asubuhi. Akikohoa kidogo tu, baba yake hubadilika rangi. Na jioni nyingine, akidhani hatumwoni, Zedekiah huinama kwenye maboga yangu nyuma ya nyumba, akashika shina, akalitegea sikio.