Kilichokuwa Kinagonga

Mwanangu mkubwa alitoka kwenye shimo mzima. Mdogo wake hakutoka. Walikuwa wanachimba madini pamoja, udongo ukashuka, wenzao wakamvuta mmoja kwa miguu, kisha shimo likajifunga lote. Hatukuzika mtu. Tulililia shimo.

Tangu siku ile huyu aliyebaki akawa anashinda uani, viganja masikioni.

"Mama, iko anagonga."

"Nani?"

"Unajua ni nani."

Alisema kule chini, kabla ya kuvutwa, alisikia mtu anagonga jiwe: ndu, ndu, ndu. Wenzake walisema hawakusikia kitu. Sasa kule kugonga kumehamia kichwani mwake. Alitaka kujua jambo moja tu: alimwacha mdogo wake hai?

Mke wake akasikia habari za mama mmoja aliyejifunza Lubumbashi kutibu kwa kushika kichwa. Sikupenda. Kichwa cha mtu si muhogo wa kupapasa sokoni. Lakini nilikwenda, nikaketi pale nione mikono yake. Akamlaza kitandani, akapokea kisogo chake kwa viganja viwili, akatulia. Hakukanda, hakuvuta.

"Ndani ya kichwa kuko maji," alisema. "Inazunguka bongo, inashuka mpaka mu mugongo. Inapanda, inashuka. Mi nafwata ile."

"Na mifupa?"

"Inatembea kidogo, mama."

"Inatembea kwenda wapi?"

Mwanangu akacheka chini ya ile mikono. Tangu shimo alikuwa hajacheka. Kisha akalala palepale, mchana mweupe, mdomo wazi.

Nyumbani akaniomba nimshike vilevile. Nikamshika. Njo nikasikia, chini ya vidole vyangu: ndu, ndu, ndu. Nikatoa mikono kama nimegusa mbabula yenye makaa.

"Umesikia," akasema. Hakuwa anauliza.

Nilipokwenda kupimwa tansio, presha yangu ya damu, nikamweleza dokta yote.

"Maji iko, ni kweli," akasema. "Lakini mifupa ya kichwa ya mutu mukubwa imeshikana, mama, haitembei. Utosi wa mutoto njo unapiga, we umeogesha wengi, unajua. Ile mikono inamutuliza, ni muzuri. Lakini kile ulisikia ni damu ya bidole yako mwenyewe. Kamata meza, utaona."

Nikaikandamiza meza yake. Ndu, ndu.

"Na mtu aliye gizani, woga umemshika, akisikia kitu kinagonga?"

"Inaweza kuwa damu yake mu masikio. Inaweza. Mi sikukuwa kule."

Nikarudi, nikampa mwanangu kinu cha kutwangia majani ya sombe. "Kamata. Kaza bidole." Akakaza, akakaa sana, macho yamefungwa.

"Basi kule chini ilikuwa damu yangu?"

Dokta alisema inaweza. Mimi nikasema: "Njo vile. Ilikuwa yako."

Akaondoa mikono kwenye kinu, akaomba maji ya kuoga.

Siku hizi anatengeneza baiskeli karibu na soko, na analala. Lile "inaweza" sikumpa, nilibaki nalo. Nikilaza sikio juu ya mto, ndu, ndu. Najua ni damu yangu. Hata hivyo nainua kichwa, nangoja, nisikie kama itanyamaza.