Herufi Mbili Kwenye Kitako cha Bunduki

Harufu ya mafuta ya bunduki ndiyo iliyotangulia kuingia nyumbani kila jioni, kisha ndipo baba akafuata. Tuliishi Abu Hamour, kusini mwa Doha, juu ya duka la mikate, na harufu ya mkate wa moto ilikuwa ikigombana na ile ya mafuta kwenye ngazi zetu. Baba alitoka Tanga kabla sijazaliwa, akapata kazi kwenye kiwanja cha kulenga shabaha nje ya mji: kusafisha bunduki za wanachama na kuzirudisha kabatini. Kule hakuna aliyemwita kwa jina. Walimwita “rafiq”, neno ambalo huku Ghuba huitiwa mfanyakazi yeyote ambaye huna haja ya kumjua. Baba aliitika, maana mtumwa wa riziki hachagui mwito, lakini nilikuwa nikimwona anavyokaza taya.

Msimu mmoja wa baridi, nikiwa darasa la nne, mwanachama mmoja alileta bunduki kongwe ya kijeshi. Alikuwa Bwana Jassim, mzee wa Kikatari, mpole, mpenda silaha za kale. Bunduki yenyewe ilikuwa ya zile zilizotengenezwa kwa mashindano ya askari, yenye mtutu mzito, kilengeo cha tundu dogo, na kitako cha mbao iliyoiva rangi ya tende. Karibu alama zake zote zilikwisha kufahamika: mshale wa jeshi la Waingereza, namba za kiwandani, mhuri wa mkaguzi. Moja tu ilimshinda. Kwenye kitako mtu alikuwa amechonga kwa kisu herufi M na S, na chini yake nyota. Mzee alituma picha kwa wajuzi hadi Ulaya, na wote wakasema hawaijui. Ndipo siku moja baba, kitambaa cha mafuta mkononi, akamwambia, “Mimi naijua. Ni ya marehemu baba yangu, Mbaruku Sefu. Alikuwa mlenga shabaha wa jeshi la wakoloni kwetu Afrika Mashariki.”

Tangu siku ile baba akawa mtu mwingine. Bwana Jassim alimkaribisha kwenye majlisi yake, akamketisha kwenye mito pamoja na wageni, akamwita Abu Zuhura, baba yake Zuhura, kwa jina langu mimi. Nyumbani nilipewa hadithi kila baada ya chakula: babu alivyolala kifudifudi vumbini, alivyozuia pumzi, alivyowashinda Wazungu waliomcheka asubuhi ileile. Nilizimeza zote. Shuleni nilisimama mbele ya darasa nikazisimulia, na wenzangu, ambao baba zao walikuwa wahandisi na madaktari, walinyamaza wakinisikiliza. Sijawahi tena kujiona mrefu kiasi kile.

Kisha bibi, mama yake baba, akaja kutoka Tanga kumwona mdogo wangu aliyekuwa amezaliwa. Bwana Jassim aliposikia kwamba mjane wa mlengaji yuko mjini, akatuma gari. Baba alisingizia uchovu wa safari, akasingizia mafua, mwishowe akaishiwa visingizio. Tukaenda. Bibi alikipapasa kile kitako taratibu, asijue kwa nini watu wote wanamtazama. Mzee akauliza kwa Kiarabu kama mumewe alikuwa akijisifu kwa shabaha yake. Baba akafungua kinywa afasiri, lakini mzee akainua mkono kwa upole. “Mwache binti afasiri,” alisema. “Mtoto hasemi uongo.”

Nikamfasiria bibi. Akacheka hadi mabega yakatikisika.

“Nani, Mbaruku? Mbaruku alikuwa dobi, mjukuu wangu! Akifua nguo za hao askari. Bunduki hata kuisogelea akiogopa.”

Nikamgeukia baba. Nilimtazamia akasirike, au acheke naye. Aliinama, akanena kwa Kiswahili, kwa sauti ya mtu anayeomba maji. “Zuhura, mwambie alijisifu sana.”

Bibi akaacha kucheka. Alimtazama mwanawe kitambo, kisha akainamisha kichwa na kuvuta mtandio. Nami, kwa Kiarabu nilichokuwa nikisifiwa nacho, nikasema, “Anasema alijisifu sana.” Bwana Jassim akapangusa machozi.

Garini bibi alitamka neno moja tu, “Umemzika baba yako mara ya pili.” Baada ya muda mzee akaigongomea ile bunduki bamba la shaba lenye jina la babu. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ya baba ilikuwa ndefu, na alinipitisha humo nimemshika mkono. Kikulacho ki nguoni mwako. Niliacha kumsubiri ngazini jioni, na shuleni wakiniomba hadithi nilisema kichwa kinaniuma.

Leo nafanya kazi hotelini West Bay, hapahapa Doha, baba amerudi Tanga, na bunduki imebaki kwa watoto wa marehemu Bwana Jassim, bamba lake likiwa palepale. Yule M.S. wa kweli sijui alikuwa nani, naye tulimpora. Siku hizi sina hasira za kitoto, ila bado mtu akiniapia jambo, humtazama usoni kwanza. Majuzi nilimpigia baba simu, nikamwambia nimemsimulia mwanangu habari za babu dobi: pasi yake ya mkaa, na jinsi alivyojua nguo ya kila askari bila kuiwekea alama.

“Bwana Jassim peke yake,” alisema baba, “ndiye aliyewahi kuniuliza baba yangu alikuwa nani. Nikaona haya kusema.” Nikamsikia akivuta pumzi. “Na mimi je? Umemwambia mimi ni nani?”

“Bado, baba,” nikamjibu.