Severino na Kazi ya Kunyamaza

Jirani yangu wa mtaa wa New Site, Severino, mdomo wake hauna mlango. Alikulia ukimbizini Uganda, akarudi na lugha nne, na zote huzitumia kwa mpigo. Alipopata kazi ya kunyamaza, mkewe Night alicheka mpaka akaketi chini.

"Wewe? Kunyamaza? Wewe hata kanisani iko nasumbua padri!"

Kazi ilikuwa Rejaf, nje ya mji. Mimi niliendesha lori linalodondosha chuma kizito ardhini. Kishindo hushuka, kikikuta tabaka la mwamba hurudi juu, na vidude vilivyochomekwa ardhini kwenye waya mrefu, yaani laini, hukisikia. Sisi tuliviita masikio. Kwa mwangwi huo Chepkoech, mtaalamu kutoka Kenya, huchora mizizi ya milima ya kale iliyoliwa na mvua, mawe yaliyokunjwa huko chini kama chapati. Severino alilinda masikio. Chuma kikidondoka, hakuna kusema, hakuna hata kuinua mguu, maana masikio husikia kila kitu.

Jumanne alicheka. Jumatano akamsalimia mwenye mbuzi. Mara zote mbili tulirudia kazi ya asubuhi nzima.

"Severino, ukiniharibia laini moja tena, Jumatatu usikuje," Chepkoech akamwambia.

Nilimwonea huruma. Kazi hiyo aliitafuta miaka miwili, na nyumbani ana watoto watano.

Ijumaa ilibaki laini ya mwisho, vishindo vinane. Cha pili, nikaona uso wake umebadilika: alikuwa amesimama kwenye njia ya siafu. Cha nne, wamefika magotini. Cha sita, walipofika sisemi, wasomaji wengine ni watu wa heshima. Jasho lilimtiririka, midomo kaibana, hatikisiki. Kusema kweli, siku hiyo nilimheshimu.

Cha nane kikapita, Chepkoech akainua mkono: tumemaliza. Loo! Severino aliruka, akapiga kelele kwa lugha zote nne, suruali akaivua palepale.

Jioni Chepkoech alituonyesha picha kwenye kompyuta. Laini safi, milima ya kale imejikunja vizuri. Lakini alikuwa amesahau kuyazima masikio tulipomaliza, na kwenye ukurasa wa mwisho mistari ilikuwa imepanda na kushuka ovyo.

"Na huu mlima je?" nikauliza.

"Huo mvua haijaula bado. Ni mlima wa Severino," akasema. "Na Jumatatu akuje mapema."

Severino akafungua mdomo. Akashukuru kwa lugha zote nne, kwa mpigo.