Mbwa Nyuma ya Gunia la Makala

Juzi, sokoni Kavumu, niliona mbwa amejibana chini ya meza ya muuza samaki, akitazama miguu ya watu. Nikamkumbuka Bobi.

Tantine, dada ya baba, alimchukua kwa jirani aliyekuwa anahama mtaa wetu wa Nguba. Bobi alijificha nyuma ya gunia la makala. Mvua ilipiga mabati, jikoni kulinuka moshi na visamaki vya sambaza vya kukaanga, na mimi nilipiga magoti nikimwita, nikimvuta mguu. Alitetemeka mpaka akajikojolea.

"Muache," Tantine aliniambia. "Umupe mugongo. Asione unamuangalia."

Tukakaa kwenye vigoda, tumempa mgongo, tukichambua maharage. Mara kwa mara Tantine alirusha sambaza moja nyuma bila kugeuka, kila moja karibu nasi kuliko iliyotangulia. Maharage yalipokaribia kwisha, nilihisi pua baridi kwenye kisigino changu.

"Usigeuke," alininong'oneza.

Mimi pia nilikuwa nimeletwa kwake, kutoka Walungu, tulipomaliza kumzika mama. Majuma ya kwanza nilishinda kwenye kona ya chumba. Tantine alikaa mlangoni akichambua mboga, amenipa mgongo, na sahani yangu ya bugali iko sakafuni nyuma yake. Niliamini hataki kuniona.

Sasa Tantine naye tumemzika. Na ni juzi tu, mbele ya meza ile, nilipokumbuka kwamba kila siku sahani ilikuwa inasogea karibu zaidi na mgongo wake.