Niliwaleta Wanunuzi Jumapili

Kosa ni langu. Na kabla hamjaanza kunitafutia visingizio, jueni nimevitafuta mwenyewe mwaka mzima, tena mimi ni mtu wa chuo kikuu. Hakuna hata kimoja kilichonitosha.

Nakaa kwenye fleti huku Eastlands, orofa ya nne. Mlango wa pili aliishi Mama Shiru, muuzaji wa nguo za watoto kule Eastleigh. Aliiweka nyumba yake rehani ili aongeze mali dukani, biashara ikazorota, mkopo ukamshinda. Benki ikampa nafasi ya mwisho: atafute mnunuzi mwenyewe kabla ya mnada. Akipata bei nzuri angelipa deni lote na kubaki na cha kuanzia upya.

Kwa kuwa alishinda dukani, ufunguo aliniachia mimi.

"Mwalimu, wewe unajua kuongea na watu. Wakija waonyeshe. Usiwafiche kitu."

Mimi si mwalimu, huandika makala tu. Lakini pale kwetu ukivaa miwani, basi wewe ni mwalimu.

Jamani! Ufunguo haukumaliza siku mbili mfukoni kabla sijaanza kumpimia binti yangu mapazia kwenye dirisha la Mama Shiru. Wanja anaolewa, nikawaza, ataishi hapa karibu. Na mnadani nyumba huenda kwa bei ya kutupa. Kilichobaki ni isinunuliwe kabla ya hapo.

Uongo sikusema hata mmoja! Hilo ndilo lililonipa kiburi. Nilichofanya ni kupanga siku.

Nyuma ya jengo letu kuna kanisa la mabati, na spika zake zimeelekezwa kwenye dirisha la Mama Shiru kana kwamba ndiye mwenye dhambi peke yake. Siku nyingine zote pametulia. Wanunuzi niliwaleta Jumapili, ibada imepamba moto. Wasioweza Jumapili niliwaleta siku ya mgao wa maji. "Fungua tu mfereji, ujionee," niliwaambia kwa upole. Mfereji ukakoroma. Wakanishukuru kwa ukweli wangu, wakaenda zao.

Mama mmoja alilipenda sana jiko, akaomba kurudi. Nikamrudisha Jumapili tena.

Mnadani nikainunua kwa bei ambayo hata dalali aliitamka kwa aibu. Nikalipa robo palepale, akiba yetu yote ya uzeeni. Iliyobaki ningekopa kwa kuweka rehani nyumba yangu mwenyewe.

Benki ikamtuma mthamini. Akapima vyumba, akakohoa, akaniuliza kama nilijua kwamba nyumba ya jirani imeuzwa mnadani majuzi. Ukubwa ni mmoja, akasema, orofa ni moja, kwa hiyo bei ya ile ndiyo bei ya hii.

Mkopo ukakataliwa! Nilikuwa nimeishusha bei nyumba yangu kwa mikono yangu, pamoja na ya kila mtu katika jengo lile. Muda wa kumaliza malipo ukapita, robo yangu ikaliwa, nyumba ikarudishwa mnadani na kwenda kwa mtu mwingine kwa bei ya chini zaidi. Haikutosha hata kufuta deni la Mama Shiru.

Kisha yule mama aliyependa jiko akaingia dukani kwake kununua sweta. Wakazungumza. Jioni hiyo Mama Shiru akasimama mlangoni pangu, mke wangu akinimiminia chai.

"Mwalimu, wiki ina siku saba. Mbona yule mama aliyependa jiko umlete Jumapili mara mbili?"

"Sikumdanganya, Mama Shiru. Kelele si zipo?"

"Zipo. Na aliyenunua mara ya kwanza nimeambiwa ni wewe." Akamgeukia mke wangu. "Mama Wanja, huyu mzee wako kasoma kweli! Ameniibia bila kusema uongo."

Mke wangu akaiweka birika chini. Sikuwa nimemwambia lolote.

"Umenunua nyumba gani, Baba Wanja? Na pesa gani?"

Ole wangu!

Mama Shiru amefunga duka. Anapanga chumba kimoja kule mtaa wa Mowlem, na benki bado inamdai. Wanja aliahirisha harusi, na simu zangu hapokei. Majirani waliotaka kuuza wamekwama, na tukikutana kwenye ngazi wanageukia ukuta. Nami nawachukia, niseme wazi, kwa sababu wana haki.

Wewe unayesoma huku ukinitukana, endelea. Lakini kama unaimezea mate nyumba ya jirani aliyekabwa na benki, nenda ukagonge mlango wake. Mtajie bei yako ya aibu usoni. Atakufukuza, atakutukana wewe na ukoo wako, na jengo zima litakucheka. Kubali! Mimi niliogopa kutukanwa mara moja.