Tulimshushia Mama Achieng key ya wimbo kimyakimya, kisha akasimama kutoa ushuhuda

Wakuu, poleni na mihangaiko.

Nipo Sydney, upande wa Quakers Hill. Siku za kazi nahangaika na kompyuta za watu ofisini, Jumamosi nafundisha kwaya yetu ya Waswahili: Wakenya, Warundi, Wakongo na sisi Wabongo wachache.

Haya yametokea kweli, nimebadilisha majina tu. Ningekuwa natunga ningejipa nafasi nzuri zaidi ya hii.

Kwenye kwaya tuna mama wa Kikenya, nurse wa wazee, tumwite Mama Achieng. Sauti ya kwanza. Kuna wimbo wa shukrani wa kwao ambao yeye huuanzisha peke yake, halafu kwaya tunaingia. Pambio lake lina noti moja ya juu sana, na hiyo noti ilikuwa yake. Wengine tulimwachia.

Mwaka jana akafanyiwa upasuaji wa tezi shingoni. Akapona vizuri, kazini akarudi, ila madaktari walimwambia sauti ya juu huenda isirudi.

Nikaanza naye upya, taratibu. Kupumua kwa tumbo. Kutetemesha midomo brrr kama mtoto anayeendesha gari la kuchezea. Kuimba "uuu" kwa sauti ndogo bila kukaza shingo. Waalimu wa kwaya humu wanajua, koo lililoumia halisukumwi, linabembelezwa.

Sauti ya katikati ikarudi. Ya juu ikagoma. Akifika kwenye ile noti ilitoka pumzi tupu, naye anacheka, "Pole Mwalimu, next week." Halafu anaenda kunywa maji na kukaa huko muda mrefu kuliko maji yenyewe.

Iliniuma sana, wakuu. Ndipo nikajitia ujanja.

Kinanda cha umeme kina kitufe cha transpose. Unapiga vidole palepale, ila wimbo unatoka chini zaidi. Nikashusha kidogo. Wiki iliyofuata nikashusha tena. Wanakwaya wote nilishawaambia, kwenye group la WhatsApp ambalo yeye hayumo.

Waliokiona cha moto ni besi, wanaume wa sauti ya chini kabisa. Kaka Dezire, Mrundi mmoja mwenye kifua kipana, alinivuta pembeni: "Mwalimu, huku chini sasa tunachimba kisima." Lakini walivumilia, wakaendelea kuunguruma.

Jumamosi moja noti ikatoka. Safi kabisa. Akina mama wakamkumbatia, yeye akakaa kwenye kiti na kujifunika uso kwa kitenge. Nikajiona bonge la mwalimu.

Sikuwa nimefikiria kwamba kesho yake ni Jumapili.

Mliolelewa makanisani mnajua, mtu akitendewa jambo hakai nalo. Ulipofika muda wa shuhuda Mama Achieng akasimama, simu mkononi, mama yake mzazi yuko kwenye video kutoka Kisumu.

"Madaktari walisema haitarudi," akasema. "Jana imerudi."

Kanisa zima likapiga makofi na vigelegele. Sisi wanakwaya tulikuwa tunaangalia viatu vyetu.

Nikajiambia nitamweleza wiki hiyo. Halafu wiki ijayo. Unamwambiaje mtu kwamba muujiza wake ni kitufe? Kadiri nilivyochelewa ndivyo ilivyozidi kuwa ngumu.

Baadaye tukaalikwa Minto, upande mwingine wa Sydney, kwenye kanisa la Warundi. Zamu yetu ikafika mimi bado nimeinama nyuma ya kinanda natafuta pa kuchomeka waya. Sasa, kwetu mwanzilishi wa wimbo hasubiri kinanda. Mama Achieng akasimama, akaanzisha.

Akaanzisha pale pa zamani, juu, anapopajua tangu binti.

Pambio likaja, noti ikaja, ikatoka pumzi. Pambio la pili, pumzi tena. Wenzake wa sauti ya kwanza wakaingia wakamfunika mpaka wimbo ukaisha. Wenyeji hawakugundua kitu.

Tulipokuwa tunakunywa chai jikoni akaniuliza, bila ukali wowote, "Mwalimu, mbona practice huwa naifikia?"

Dezire ndiye aliyejibu, kwa upole: "Mama, tulikuteremshia wimbo."

Akatutazama mmoja mmoja. "Nyote mlijua?"

Dezire akaitikia kwa kichwa.

"Si mngeniambia tu. Mamangu ameshaambia kila mtu huko home." Akachukua mkoba, akaenda kupanda treni.

Jumamosi iliyofuata hakuja. Nikampigia, hakupokea. Nikamtumia voice note ya kuomba msamaha, akaisikiliza bila kujibu. Wakuu, nilishaandaa hata maneno ya kuiaga kwaya.

Jumapili akaja. Muda wa shuhuda akasimama tena.

"Nilisimama hapa nikasema sauti imerudi," akasema. "Haijarudi. Hawa wa kwaya ndio walishusha wimbo wakanidanganya. Nilikasirika, na bado nimekasirika kiasi. Nikampigia mamangu nikamwambia ukweli. Akaniuliza, 'Kwani walishuka wote?' Nikamwambia wote, hadi wale wanaume wa besi. Akasema, 'Basi rudi ukashuhudie hiyo.'"

Kisha akanigeukia. "Mwalimu, weka hiyo key ya chini. Sasa kila mtu akiona."

Nikabonyeza kitufe mbele ya kanisa zima. Akaanzisha. Machozi yalinitoka huku napiga, na nyuma yangu nikasikia Dezire akivuta pumzi ndefu ya kuteremka kisimani.

Nilichojifunza: mtu mzima akipungukiwa, mwambie, halafu muulize mshuke vipi. Ule wimbo wa Jumapili ulikuwa uleule wa mazoezini, na key ileile. Ila safari hii mwenyewe alijua tuko wapi, na aliimba vizuri kuliko siku zote.

Waalimu wa kwaya na wote mlioko kwaya, ninyi mngemwambia tangu mwanzo, au huruma ingewapeleka nilikopelekwa mimi? Nipeni ukweli, nimeshazoea.

Na kama kuna anayejua namna ya kuwatunza besi wanaoimba chini hivi kila Jumapili, aseme. Dezire anasoma huu uzi.